Nakala ya Fathiya

Mkokoteni wa viatu ulikuja mbio pale soko la Zhanxi, huko kwa Wachina. Murshid akamvuta mkono msichana mwenye baibui jeusi na mtandio wa zambarau.

"Kaka, mkono wangu si robota la nguo."

"Samahani dada. Ningekuacha, ungetoka bapa kama soli."

Akacheka. Mapenzi yakaanzia hapo, na sisi wazazi tuko mbali, nani atawaonya?

Fathiya wa Unguja alikuwa akisomea kompyuta. Murshid wa Dar alikuwa akijifundisha mwenyewe. Abdulsamad, wakala wa mizigo wa mtaa wa Xiaobei, aliwataka wamwandikie programu ya kufuatilia marobota. Ikifanya kazi, Murshid anaajiriwa. Akiajiriwa, posa inakwenda Unguja. Wakagawana kuandika, kila mtu na nakala yake, wakipelekeana kwa diski.

"Kabla hujaingiza mapya, weka nakala ya zamani pembeni," Fathiya alimwambia. "Halafu linganisha. Palipotofautiana, chagua. Usimwage moja juu ya nyingine."

"Mwalimu mzuri hivi, nitasikia kweli?"

"Sikia kwanza, utanitazama baadaye."

Siku ya kumwonyesha Abdulsamad ikakaribia. Fathiya ana mitihani, akamwachia Murshid diski yake aunganishe. Murshid akaona kulinganisha ni kuchelewa, akamwaga mafaili yake yote juu ya yale ya Fathiya. Majina yalikuwa yaleyale, kazi ya mwenzake ikapotea yote. Akagundua alipofungua kutazama.

Simu ikalia.

"Habibi, yangu umeiweka pembeni? Hapa chuoni wanataka tusafishe kompyuta. Niifute hii iliyobaki?"

Hapo, wanangu, neno moja tu lingetosha. Nakala nzima ilikuwa bado ipo. Lakini aliona haya kuonekana mjinga mbele ya mchumba.

"Nimeiweka, roho yangu. Futa."

Akafuta.

Mbele ya Abdulsamad programu ikatafuta robota la kwanza, ikasimama. Fathiya akafungua mafaili, akaona sehemu yake haimo. Akatoka bila kuaga. Simu za Murshid akawa hapokei.

Murshid akamkuta kwenye mkahawa wa Xiaobei, mwenyewe shati lake halijapigwa pasi, macho mekundu.

"Nilikuwa na haraka, Fathiya."

"Haraka nimekusamehe. Tungekaa tukaandika upya, hata mwaka."

"Basi tuandike, mpenzi."

"Ulijua ninayo nyingine, ukaniambia nifute, usije ukaaibika. Kesho mtoto wetu akianguka mikononi mwako, utaniambia amelala?"

Murshid akavuta kiti, akakaa. Fathiya akamsogezea wali wake, maana alimwona hajala, akafunga mtandio vizuri, akaenda kwenye kibanda cha simu za ng'ambo.

Kule Unguja mama yake alikuwa ameshapaka chokaa ukuta wa barazani, akingoja wageni wa posa.

"Mama, wale wageni hawaji tena."

"Mwanangu, amekupiga?"

"Hapana, mama. Angenipiga ningejua la kukwambia."