Hatumngoji Ambokile

Tumngoje? Hapana, Nkwabi, kaa tu. Hapa hatumngoji mtu kula, na huyo Ambokile ndiye hatumngoji kabisa. Najua kwenu Usukumani mwenye nyumba akiwa bado uani, watu wanameza mate mpaka aingie. Hata sisi tulikuwa hivyo. Usimwangalie mjukuu wangu Tusekile, huyo akishashika mwiko hasikii mtu, hata kama mnasoma chuo kimoja. Nitakueleza mimi. Chakula chenyewe bado hakijaiva.

Unaona ile kofia juu ya kabati, ile nyeusi aliyotagia kuku? Ile ndiyo kofia-safari. Siku hizi zimepigwa marufuku, lakini wakati ule Tukuyu nzima walikuwa nazo. Ukiivaa, inakukumbatia kichwa taratibu kama mikono ya mtu anayekusuka, unasikia baridi nyuma ya masikio, halafu haupo. Mwili umelala kitandani, wewe unapanda mlima mwingine kabisa. Ukijikwaa unaumia. Ukilamba asali unasikia utamu wake. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, na hata huko nilikuwa nafuata uji, lakini nilivyoelewa ni hivi: ndani ya kofia kuna akili mnemba, inasoma kichwa chako, halafu inakutengenezea hadithi humohumo. Mchezo wenyewe uliitwa Mlima wa Moshi. Shujaa ni wewe. Unatoka kijijini, unavuka mito, unapigana na majoka, unapata jiwe la moto, unarudi nyumbani.

Ambokile mwanangu alikuwa fundi. Yale mabuibui ya chuma yanayochuma chai huko mashambani, likivunjika mguu, yeye ndiye anauunga. Kazi nzuri, na alikuwa anaijua. Halafu yakaletwa mabuibui mapya, moja likivunjika jingine linalitengeneza, basi, fundi wa nini tena. Akarudi nyumbani na spana zake. Mwanamume mzima kukaa anachungulia vyungu, unajua inavyokuwa. Mke anakwenda sokoni, binti yuko chuo, baba mzee anaongea tangu asubuhi, kama unavyonisikia. Akaazima kofia kwa jirani. Na kule ndani kila aliyekutana naye alimwambia, "Shujaa, tulikuwa tunakungoja wewe."

Mwanzoni alikuwa anaingia, anatoka. Ikafika siku hakutoka.

Tukadhani atatoka kesho. Hakutoka. Daktari akaja, akaweka mrija wa uji puani, akatukataza tusimvue. Kulikuwa na mama mmoja alimvua mwanawe kwa nguvu, mtoto akaamka macho wazi, hamjui mama yake, hajui hata kijiko. Daktari akasema, "Anayeivua ni yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Akili ikikubali kwamba iko ndani ya mchezo, itatoka. Mwingine hawezi kumtoa." Basi tukakaa tunamwangalia mwanangu anavyokonda. Mikono ile iliyokuwa inanyanyua mguu wa chuma ikawa kama vijiti vya kuanikia nguo. Mimi nilikuwa namwongelesha tu. Hanisikii, naongea.

Sasa wewe si wa huku, kwa hiyo kuna jambo lazima nikueleze, usije ukatushangaa. Sisi Wanyakyusa, mke wa mwanao na wewe baba mkwe hamkutani. Hamtazamani, hamsemeshani, jina langu yeye halitamki, na mimi nikikohoa njiani anaingia migombani mpaka nipite. Siyo chuki. Ndiyo heshima yenyewe. Huyo mama Tusekile ameishi hapa tangu aolewe, uso wake siujui. Namjua kwa chumvi yake, na anavyoimba akidhani nimelala. Kwa hiyo wakati ule wa kuuguza, nikiwa chumbani kwa mgonjwa, yeye yuko jikoni. Nikikohoa natoka, ndipo anaingia kumgeuza mume wake. Tulivyomuuguza ni hivyo, kwa kikohozi.

Tusekile akarudi kutoka chuo. Masomo yenu hayo ya kuchambua michezo na sinema, nilikuwa namcheka, nasema umekwenda kusomea kucheza. Akaunganisha kioo kwenye kofia, tukawa tunaona anachokiona baba yake.

Nikaona nyumba yetu. Hii hii. Ambokile amekaa mlangoni anakula ndizi, anacheka.

Nikasema, "Mchezo si ameumaliza? Mbona hatoki?"

Tusekile akasema, "Babu, anadhani ameshatoka."

Akanieleza. Alisema hadithi zina utanzu, mimi nikaelewa ni kama ukoo. Ukoo wa hadithi za safari una desturi yake: shujaa anaondoka, anateseka, anarudi kwao. Akirudi, imekwisha. Sasa ile akili ilitengenezwa isimpoteze mchezaji. Ilipoona imekwisha, ikampa hatua moja zaidi, na hatua hiyo ni nyumbani. Kwenye hadithi nyingine yoyote nyumbani ndipo pa kutokea. Hapo ndipo ilipomfungia.

"Tazama na watu wenyewe walivyochorwa," akasema. "Babu, huyu pale ni wewe."

Nikatazama. Mzee ana ndevu nyeupe mpaka kifuani, fimbo mkononi, amekaa kama sanamu, anatoa methali. Akipumzika kidogo, anatoa nyingine.

"Mimi sina ndevu," nikasema.

"Huna. Na methali unayoijua ni moja, nayo unaikosea."

"Na mvua iko wapi? Tukuyu gani hii jua linawaka hivi?"

"Mahali ilipopajua, imeweka kwetu. Mahali isipopajua, imejazia vitu vya michezo mingine. Mzee wa Kiafrika lazima awe na fimbo. Mke wa shujaa lazima atabasamu."

Ndipo nikamwona. Mwanamke ametoka jikoni na sinia, anamkaribia yule mzee mwenye ndevu, anapiga magoti mbele yake, anamtazama machoni, anampa chakula. Nikageuza uso wangu ukutani. Nilisahau kwamba ni picha.

Tusekile akasema polepole, "Hicho ndicho haikukijua. Picha zote za nyumba hii kichwani mwa baba, ukiwepo wewe, mama hayupo. Mashine haiwezi kujifunza kwa mtu ambaye hayupo. Iliona pengo, ikadhani ni kosa, ikalijaza."

Basi akaazima kofia ya pili, niingie nikamwonyeshe mwanangu hilo pengo. Alinifundisha cha kusema, nikakariri kama mtoto wa komunio. Nikavaa.

Nikajikuta nina ndevu. Zinawasha. Jua kali, hakuna tope, hakuna nzi, na mbele yangu mwanangu amenenepa, mashavu yanang'aa. Nilitaka kulia. Nikasema, "Ambokile, toka humu mwanangu, huku unakufa."

Akatabasamu. "Baba, nilishatoka zamani. Kaa tule."

Nikaanza yale niliyokariri, na ndipo mlango wa jikoni ukafunguka. Yule mwanamke akaja na sinia. Akapiga magoti. Akanishika mkono, akanitazama usoni, akasema, "Karibu chakula, baba."

Nkwabi, nilikuwa najua ni mchezo. Lakini miguu haikujua. Nilitupa fimbo nikakimbia na ndevu zangu mpaka migombani, nikajifunika shuka usoni. Kila nilichokariri kikapotea.

Ambokile akacheka sana. Halafu nikasikia kicheko kinakatika.

"Baba, mbona umekimbia?"

"Unataka nife kwa aibu? Si mkwe wangu yule?"

"Lakini jana ulikula naye."

"Jana sikuwepo humu."

Nikachungulia kwa pembe ya shuka. Alikuwa anamwangalia yule mwanamke, na yule mwanamke anatabasamu vilevile, sinia mkononi, hajaona ajabu yoyote. Mwanangu akapeleka mikono kichwani, anapapasa kama mtu anayetafuta kitu gizani.

Nilipovua yangu, yeye alikuwa ameshavua. Ametoa sauti moja, si ya mtu mzima. Mama yake Tusekile alikuwa jikoni. Mume wake kimya muda wote ule, leo amelia. Wewe ungefanyaje? Aliingia mbio bila kungoja kikohozi, akamkumbatia kitandani, bega lake likanigusa bega.

Ambokile akafungua macho. Akaniona mimi. Akamwona mke wake. Tumekaa pamoja.

Akasema, "Bado nimo."

Akaanza kujikwaruza kichwa akitafuta kofia nyingine ya kuvua, mpaka damu ikatoka. Tulimshika. Mama yake Tusekile alielewa kabla yetu, akatoka analia, anasema ni yeye amemuua. Sikuweza hata kumjibu kwamba siyo yeye. Sisemeshani naye.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko ya mwanzo. Sasa yuko macho na hataki kula. Alisema, "Kule nilikula kila siku na mwili ukakauka. Hiki nacho ni cha kule." Mrija akaung'oa. Daktari akasema mwili ule hauna akiba, siku zake chache. Tukamsihi. Tusekile akamwonyesha mvua, tope, kidevu changu kisicho na ndevu. Akasema, "Imejifunza. Safari hii imeweka mvua." Kila kizuri tulichomfanyia kilizidi kumthibitishia. Mimi na Tusekile tulikaa kitandani tunamtazama yeye, chakula kinapoa, hakuna anayegusa mpaka yeye aguse kwanza, ndiyo adabu yetu. Anatutazama anasema, "Mnaona? Mnaningoja mimi tu. Hamna jambo lingine."

Siku moja paa lilikuwa linavuja. Mimi nimeingia na mabuti ya matope, nimeyaacha katikati ya sebule. Tusekile akajikwaa, akamwaga maji ya kunawa.

"Babu, mabuti, kila siku mabuti."

"Nikayaweke wapi, kichwani?"

"Na paa ulisema utaliziba tangu kiangazi."

Sauti ikatoka jikoni, ya mama yake, anamwambia binti lakini ujumbe ni wangu. "Mwambie aliyeacha geti wazi, mbuzi wamekula mboga zote."

"Mwambie aliyesema hayo," nikasema kwa ukuta, "geti lilikuwa bovu kabla mbuzi hajazaliwa."

"Basi mwambie maharage yameungua, na sina nguvu ya kupika mengine."

Tusekile alikuwa amesimama kwenye maji, msomi wetu, machozi yanamtoka. Akasema, "Nimechoka. Nimesoma vitabu vyote na baba yangu anakufa. Na nina njaa." Akapakua. Akanipa sahani, akapitisha nyingine jikoni, akakaa chini pale kwenye maji akaanza kula. Na mimi nikala. Nilikuwa na njaa, Nkwabi, nikasahau kwenda kumtazama mwanangu. Nilikuwa nawaza lile geti, nitapata wapi bawaba.

Tukasikia sauti chumbani.

"Mnakula?"

Midomo ilikuwa imejaa.

"Mnakula bila mimi?"

Jikoni mama yake Tusekile akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyekuwa na kitu tena cha kupoteza, "Ukitaka njoo. Hutaki, lala."

Tukamsikia anashuka kitandani. Anashika ukuta, anapumzika, anashika tena. Akatokea mlangoni, mifupa mitupu na shati. Akatazama mabuti yangu, akatazama maji, akatazama sahani yangu ambayo ilikuwa nusu imekwisha. Akashuka chini taratibu. Akachota kidogo kwenye sahani ya binti yake, akatafuna.

"Yameungua," akasema.

Akatafuna tena. "Kule hayakuungua hata siku moja. Na hakuna aliyeanza kabla yangu, hata siku moja."

Tusekile ndipo akaacha kula, akajifunika uso. Yeye aliona kitu ambacho mimi nimekielewa baadaye: ile akili ingeweza kujifunza mvua, na matope, hata adabu yetu, lakini ilitengenezwa kumzunguka yeye. Mtu aliyesahau kidogo kwamba shujaa yupo haikuweza kumchora.

Basi ndiyo hivyo. Amepona, anatengeneza mageti ya watu. Lakini akiingia akakuta tumekaa mikono mapajani, chakula kimefunikwa, tunamngoja, anabadilika rangi, anapapasa kichwa. Hiyo haijaisha na sidhani kama itaisha. Kwa hiyo tumeiacha adabu hiyo moja. Ile nyingine, ya mkwe, tunayo.

Haya, yameiva. Tusekile, mpitishie mama yako kwanza, pale ukutani. Nkwabi, nawa, anza, usinione aibu, kula hata kwa kelele. Unasikia mabuti uani? Ndiye. Amesimama nje ya mlango anasikiliza vijiko. Usigeuke. Chota.

Eh, Ambokile, umefika. Tumeanza. Vuta kigoda ukae.