Samaki wa Yanonge Mbele ya Profesa

Walikutana kivukoni, pale mitumbwi ya pirogi kutoka Lubunga inapomwaga watu, mihogo na mbuzi kwa pamoja. Nyota alikuwa na beseni la samaki kichwani, liputa, kitenge cha kijani, limembana kiuno. Kijana mmoja mwenye abakosti, suti ya kisomi isiyo na tai, akarudi nyuma bila kutazama, wakagongana. Maji ya samaki yakamshuka mgongoni.

“Ee, mama! Abakosti yangu iko moja tu!”

“Samaki yangu yote iko na macho. Wewe yako iko wapi?”

Wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza Nyota.

Kijana huyo, Alfani, alikuwa msaidizi chuo kikuu, akifundisha sheria ya mazingira, sheria ya kulinda mito na misitu. Alitaka udokta ili awe profesa. Wakapendana, na Nyota akampeleka kijijini Yanonge kwa baba yake, mzee Yakubu, mvuvi. Mzee akamwonyesha kijito ambamo kiwanda cha mbao cha mkubwa mmoja wa chama tawala kilikuwa kikimwaga dawa ya magogo, samaki wakielea tumbo juu. Alfani akaandika yote katika teze yake, tasnifu ya udokta, akamwahidi Nyota:

“Chérie, siku nitaitetea, papa yako atakaa mbele kabisa. Nitamuvalisha biatu ya mupya.”

Ninyi wasichana mnaopenda wanaume wa vitabu, sikieni vizuri hapa. Siku ikafika, ukumbi ukajaa, na vijana wa chama nao wamekaa nyuma, maana wapi hawakukaa? Desturi ya chuo, mtu akimaliza kutetea hushukuru watu kwa majina, nao husimama wapigiwe makofi. Alfani, furaha imempanda kichwani, akamwita baba mkwe wake wa kesho: “Papa Yakubu wa Yanonge! Ni yeye njo alinionyesha sumu!” Mzee akasimama na viatu vyake vipya, anatabasamu.

Kesho yake watu wa usalama wakamchukua.

Nyota akakimbilia simu ya dukani kwa mjomba wake, tonton Sefu.

“Alfani, bamefunga papa!”

“Nyota wangu, polepole. Simu iko na masikio.”

“Masikio! Juzi wewe njo ulikuwa na mudomo!”

Mzee alirudi baadaye, amekonda, mguu unavuta. Lakini redio ilikuwa imemtangulia: mtaalamu wa chuo amehakikisha maji ya Yanonge ni safi, mvuvi yule alidanganya. Alfani alikuwa ameweka sahihi. Watu wa usalama walimwambia atie sahihi, mzee atoke, na uprofesa uwe wake. Watu wakarudi kuvua kijitoni. Yakubu akiwakataza, wanamcheka: “Mwongo huyo, hata redio ilisema.”

Jumapili Alfani akafika nyumbani kwa Nyota, mtaa wa Tshopo, abakosti mpya, maputa mawili ya wax kwapani.

“Nyota wangu, papa iko inje, mi niko professeur. Bon, tuoane.”

“Kaa. Ukule kwanza.”

Akamwekea mbele liboke, samaki aliyechomwa ndani ya majani, akafungua majani. Mvuke ukapanda, pilipili ikamfika puani.

“Inanukia! Umeinunua wapi?”

“Yanonge. Kwa kile kijito.”

Mkono wa Alfani ukasimama hewani.

“Kula, professeur. Maji iko safi. Wewe njo ulisema.”

“Nilisema juu ya papa, atoke! Wewe ungefanya nini?”

“Atoke, ndiyo. Na kisha alitoka, ulienda Yanonge kubaambia batu basikule? Hata kwa siri? Batoto ya dada yangu banakula hii kila siku!”

“Bakisikia, nitapoteza kazi.”

“Basi kula.”

Alfani akamtazama samaki, samaki akamtazama. Akasukuma sahani.

Nyota akamrudishia maputa yake kwapani, akamfungulia mlango. Alilia, ndiyo, maana alimpenda. Kisha akamwaga chakula chooni, kuku wasikione.

Asubuhi akapanda pirogi kwenda Yanonge, akapita nyumba kwa nyumba, hodi baada ya hodi, baba yake akichechemea nyuma yake.

“Nilimupikia samaki ya kijito,” alikuwa akiwaambia. “Professeur mwenyewe, ule wa redio. Alikuwa na njaa, na alikataa kukula.”

Hakuna aliyemcheka Yakubu tena.