Jiwe la Mama la Kufulia

Bwawa lilijazwa maji asubuhi, na kufika saa saba mchana lilikuwa kavu kama sinia. Wala halikuvuja. Lingevuja, udongo wa pembeni ungelowa, na udongo wa uani siku hiyo ulikuwa unatimka vumbi.

"Kazi yako hiyo," Breki alimwambia mdogo wake. "Saruji umeipaka kama siagi."

"Kaka, nimepiga mikono mitatu, na chini nimetandika nailoni nzito. Hapo hata chozi halipiti."

"Basi maji yamekwenda wapi? Yameaga?"

Huyo Breki alikuwa dereva wa malori mpaka alipostaafu, na jina hilo alipewa kwa sababu akianza kubishana hana breki. Mdogo wake ni fundi mawe, mkono wake mzuri sana, ila saa haijui. Mama yao alipofariki, Fundi alifika makaburini watu wanakung'uta udongo kwenye viatu. Breki hakumsubiri, wala hakumsamehe. Miaka minne hawakusalimiana. Shangazi zao walisema mpaka wakachoka. Kilichowarudisha pamoja ni bwawa hilo, maana Breki alilitaka kubwa, lenye ukuta wa mawe na maporomoko ya maji, na wa kulijenga anavyotaka alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo bwawa likishindikana, undugu nao umekwisha. Nyumba nzima ilijua hivyo.

Wakabandua, wakapiga saruji upya, wakajaza. Kavu. Wakabandua tena. Kavu.

"Mmeninyang'anya pa kuanikia nguo," mke wa Breki alilalamika, "mmenipa shimo. Hata chura halitaki!"

Mara ya tatu Fundi alipanda juu ya maporomoko kutazama. Pampu ilikuwa imechomolewa, iko ndani ya ndoo jikoni, lakini lile jiwe bapa la juu lilikuwa linatoka jasho. Akalipangusa, akanusa kiganja. Harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni wiki nzima.

"Subirini," mke wa Breki alisema. "Hilo si jiwe la mama mkwe la kufulia?"

Ndilo. Lilikuwa nyuma ya jiko miaka yote. Kila asubuhi, kabla hajalowesha hata leso, marehemu alimimina ndoo nzima ya maji safi juu yake, watoto wakadhani analisuuza tu. Na alikuwa mkali: mtu asilisogeze.

"Mimi nilidhani wewe mwenye nyumba umewauliza shangazi," Fundi alisema.

"Nami nilidhani umeuliza wewe. Ulivyolishika upande mmoja, nikashika wa pili."

Ndiyo walivyokuwa. Wamepatana juzi, wanabebana kama mayai, kila mmoja anaogopa kumuuliza mwenzake neno. Siku walipoling'oa kule nyuma ya jiko, chini yake walikuta tundu la ukubwa wa sufuria linapumua baridi. Fundi akalishindilia kokoto na saruji, kwa sababu fundi hawezi kuacha tundu.

Sasa, kesho yake baada ya kulitambua jiwe, mchana, Breki alikuwa amekaa peke yake ukingoni mwa bwawa, jua la utosi, kimya, na nyuma ya maporomoko akasikia sauti ya mdogo wake, ile ile, na kikohozi chake kile kile, inamwambia polepole kwamba mama siku ya mwisho alimwita Fundi hakumwita Breki, na Breki anajua, na ndiyo maana aliharakisha kumzika, na Breki akazunguka ukuta akiwa ameshika koleo asikute mtu, isipokuwa saruji imelowa mahali pa nyayo mbili.

Akapiga simu, akamtukana.

"Mimi niko juu ya paa la watu, upande wa pili wa mji!" Fundi alisema. "Una wazimu?"

"Muongo! Wewe wa kuchelewa mazishi ya mama yako!"

Simu ikakatwa. Miaka minne ikarudi pale pale.

Mke wa Breki hakubishana tena. Akajifunga kanga, akaenda kumleta bibi mganga. Yule bibi aligusa jiwe kwa kidole kimoja, akarudi nyuma hatua tatu.

"Mama yenu alikuwa anamnywesha yule anayekaa chini ya jiwe hili," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu amekufa hajapata tone. Nanyi mmemng'olea mlango, mmeziba nyumba. Yuko nje na ana kiu."

"Tufanyeje, bibi?"

"Tundu lizibuliwe. Kesho saa sita kamili mchana jiwe lirudishwe na wawili wale wale walioling'oa. Atalifuata, ataingia kwake. Wa mbele asigeuke. Likikaa, mimina ndoo. Jiwe likinywa, yuko ndani."

"Na wakibeba wengine?"

"Litamfungia nje. Nisikutishe, mwanangu. Wewe usikose tu."

Breki akapiga simu. "Mdogo wangu. Saa sita. Nakuomba usichelewe."

Fundi akajibu: "Nitakuja."

Kesho yake Breki alizibua tundu kwa mtaimbo, akalisukuma jiwe kutoka juu ya maporomoko mpaka likafika chini, akasimama akilipa mgongo, mikono nyuma, anatazama ukuta wa jiko. Mkewe akaambiwa abaki ndani. Saa sita ilipogonga akasikia hatua zinakuja uani, zikasimama nyuma yake, na kile kikohozi.

"Shika, kaka."

Akashika. Jiwe lililowatoa jasho wawili safari hii likanyanyuka kama mto wa kulalia, na Breki akatembea bila kugeuka, matone ya baridi yakimdondokea kwenye visigino, ile harufu ya nguo iliyovunda ikimpanda puani, naye akidhani ni jiwe, machozi yakimtoka, akasema yale yaliyomkaa kooni miaka minne, "Nisamehe, siku ile ningekusubiri," na sauti nyuma yake ikajibu karibu sana na sikio, "Najua," kisha jiwe likakaa mahali pake taratibu, na hatua zikampita kwa nyuma kuelekea jikoni.

Breki akafuta uso. Akachukua ndoo, akamimina.

Maji yakateleza juu ya jiwe, yakamwagika pembeni yote. Halikunywa hata tone.

Geti likalia. Fundi akaingia mbio, shati limelowa jasho, mfuko wa vifaa begani.

"Kaka, nimechelewa? Gari limetuharibikia njiani, nimekuja kwa miguu. Hujaanza, sivyo?"

Breki akamtazama. Akatazama jiwe.

Na kutoka jikoni mkewe akapaza sauti, sauti ya mtu aliyefurahi ugomvi umekwisha, ila kidogo amekereka:

"Baba, unaongea na nani huko? Njoo umwambie huyu mdogo wako apumzike kidogo. Ndoo ya tatu hii anakunywa, na sasa anauliza kama pipa lina maji."