Gobore na Vyote Vilivyomo

Ufito haukufika chini.

Balagizi aliusukuma tena ndani ya mtutu wa gobore, polepole, akasikia ukigota kitu. Akauchomoa, akaupima kwa nje ya mtutu. Ulikuwa umepungua kiganja kizima kufika mwisho. Aliyewahi kushika gobore anajua maana yake: baruti na risasi zimo ndani, zimeshindiliwa. Na tangu Jumapili lilikuwa limelala sebuleni kwake, East Side ya Buffalo, Marekani, juu ya kochi ambalo binti yake Précieuse huketi kutazama katuni.

"Nzigire," alimwita mkewe kwa sauti ya chini. "Peleka mtoto ku chumba. Asitoke."

Lawama zilikuwa zake, wala hakubisha. Walikuwa wamekwenda Louisville kwenye arusi, na huko duka moja likamwonyesha magobore mawili. Moja lilikuwa jipya, jembamba, kitako cha plastiki. La pili lilikuwa zee, zito, na mdomo mpana unaomeza kidole gumba. Muuzaji alimshauri achukue jembamba, kwamba kwa kulungu linatosha na halimuumizi mtu bega. Lakini msimu uliopita Balagizi aliazima bunduki nyembamba, akamjeruhi kulungu jike, akaifuata damu kwenye theluji mpaka giza likamshinda. Yule mnyama alimkaa rohoni mwaka mzima. Akaapa kwamba atakayempiga safari hii ataanguka palepale, akachagua la mdomo mpana. Kwa hamu aliyokuwa nayo hakuingiza hata ufito kulikagua, jambo ambalo babu yake kule Walungu, Kongo, asingelisahau hata akiwa amelewa chakari.

Kosa la pili lilikuwa la wote. Watu wa kanisa lao hawaingizi kitu kipya nyumbani bila kukiombea, iwe gari, iwe friji. Jumapili hiyo kikundi cha maombi kilijaa sebuleni, wakalipaka gobore mafuta, wakaliwekea mikono, na Balagizi, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, akatamka maneno yaleyale ya siku zote: "Bunduki hii, na vyote vilivyomo ndani yake, ni vya nyumba hii." Amina zikatikisa madirisha.

Sasa alifunga skrubu kwenye ncha ya ufito, akavuta. Ikatoka risasi ya duara, imevingirishwa kitambaa cheupe kilichochakaa, kisha baruti nyeusi ikamwagika. Akamshukuru Mungu, akausafisha mtutu kwa maji ya moto, akalifungia gobore kabatini na kutia ufunguo mfukoni.

Balagizi hufanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha plastiki, na mchana hulala. Kesho yake, mkewe akiwa kwenye kazi yake ya kutunza wazee na mtoto akiwa shuleni, aliamshwa na sauti kabatini. Kwaruu. Kimya. Kwaruu. Mtu alikuwa akishindilia, bila haraka. Chumba kizima kilinuka baruti iliyoungua.

Alipofungua hapakuwa na mtu. Aliingiza ufito, ukapungua kiganja. Alivuta, na risasi iliyotoka ilikuwa imevingirishwa kipande cha kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano.

Nzigire aliporudi, alikitoa kitenge alichovaa arusini. Kilikuwa na tundu la duara, upande wa moyo.

"Njo weye umekata?" Balagizi alimuuliza.

"Mimi? Juu ya nini? Weye ulichagua ile bunduki. Sasa ile bunduki iko inachagua siye."

Mchana uliofuata hakulala. Aliketi mbele ya kabati huku theluji ikianguka nje, na mkwaruzo ulipoanza akafungua mlango kwa nguvu, akaliona gobore limesimama peke yake na ufito ukipanda na kushuka mdomoni mwake bila mkono wowote kuushika, akalirukia, akavuta kwa skrubu huku jasho likimwingia machoni, akivuta na kuomba, akivuta na kulia, mpaka risasi ikamdondokea mapajani na kitambaa kikafunguka chenyewe, nacho kilikuwa cha waridi chenye mawingu meupe, kile cha pajama ya Précieuse.

Usiku uleule walimpigia simu Mama Immaculée wa Columbus, Mrundi aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, anayejulikana kwa kuwafukuza majini. Alifika na basi la asubuhi, akataka kikundi cha maombi kiitwe tena. Balagizi alipima mbele yake. Ufito ulikuwa umepungua kiganja.

"Usilivute tena," alisema. "Aliyemo ndani ulimkaribisha kwa kinywa, baba, mtoe kwa kinywa. Sema yote uliyosema. Usiache neno."

Balagizi alilishika gobore. "Bunduki hii si ya nyumba hii..."

"Amina!" wakapaza wote. Walikuwa na hofu na walitaka yaishe. Makofi yakalia, mmoja akaanzisha wimbo, mwingine akalinyakua gobore akakimbia nalo hadi gereji, kulikokuwa na msumeno wa chuma. Mama Immaculée aliinua mkono kuwazuia, hakuna aliyemwona.

Kelele zilipotulia, alimsogelea Balagizi. "Ulimaliza?"

"Nilimaliza ku moyo, mama."

"Moyoni hukumkaribisha mtu."

Yule wa gereji akarudi akitabasamu, na vipande vya mtutu mikononi. Ukivichungulia kimoja kimoja, unaona mwanga upande wa pili. Vilikuwa vitupu.

"Na risasi?" Nzigire akauliza. "Iko wapi?"

Chumbani Précieuse alianza kukohoa.

Balagizi alimkuta ameketi kitandani, mdomo wazi, pumzi yake ikinuka baruti. Akapiga magoti mbele yake na kumkingia kiganja. Mtoto akakohoa tena, na kikadondoka kipande cha kitambaa cha buluu, cha duara, kilicholowa mate, bila risasi. Balagizi alikitambua. Alijishika kifuani, kwenye shati lake la buluu la kazini alilokuwa amevaa, na kidole kikapita tunduni mpaka kwenye ngozi.

"Papa," Précieuse akasema, kwa upole, kwa Kiingereza chake cha shule. Akamwomba asikae mbele ya mdomo wake.