Wezi wa Elektroni

Prado nyeupe ilikata kona ya soko la Kikula, ikakanyaga beseni la nyanya, ikaendelea.

Hortense Kitenge alizikwepa nyanya kwa pikipiki yake ya TVS, akaongeza moto. Hakutaka kuwapita. Alitaka tu wasimpotee.

Ndani ya gari hilo alikuwamo Profesa Germain Tshimanga, aliyetekwa robo saa iliyopita mbele ya shule yake, chaki ikiwa bado mkononi na daftari kwapani. Mtekaji na dereva alikuwa Gauthier, mlanguzi wa kobalti, bwana wa suti ya buluu na viatu vya ngozi ya mamba. Hortense alimdharau tangu siku ya kwanza alipofungua faili lake. Miaka kumi Gauthier alivusha magunia ya mawe hadi Zambia. Sasa alidhani na kichwa cha mtu ni gunia.

Redio ya Motorola ilikoroma.

"Kwale, hapa Mlima." Ilikuwa sauti ya Jean-Luc, mkuu wake wa upelelezi, kutoka Lubumbashi, akimwita kwa jina la kazi. "Uko wapi?"

"Barabara ya Kakontwe. Gauthier iko peke yake na Prof. Muzungu mununuzi anamungojea kule ku shimo ya chokaa."

"Wakivuka mpaka, tumemkosa."

"Habatavuka. Kule balipua mawe saa ngapi leo?"

"Saa nne kamili."

Hortense alitazama Casio yake. Dakika kumi na moja.

Profesa hakuwa na maabara. Alikuwa na penseli, daftari la mirabaraba na kompyuta iliyozeeka. Kwa miaka kumi na saba alikokotoa jinsi elektroni inavyoruka kutoka molekuli moja hadi nyingine, na mwaka huu alipata molekuli ambayo elektroni ikishavuka, hairudi upesi. Chaji inakaa. Mwenye daftari hilo angeweza kutengeneza betri isiyo na punje ya kobalti.

Prado ilisimama kwenye banda bovu la mabati, ukingoni mwa shimo la chokaa. Lori la saruji lilingoja hapo. Nyuma ya kichwa cha lori palikuwa na sanduku la chuma, refu kiasi cha mtu aliyelala.

Hortense alilala nyuma ya rundo la mawe, akabonyeza kidude sikioni. Mwezi uliopita alikuwa amebadilisha kifungo cha pili cha koti la profesa. Kifungo kipya kilikuwa na kinasa sauti.

Alisikia kurasa zikifunuliwa.

"Grafu hii ina makosa." Huyo alikuwa Keller, yule Mzungu mnunuzi, kwa Kifaransa cha hotelini. "Elektroni ukiivuta kwa nguvu zaidi, lazima ikimbie zaidi. Hapa mwishoni mstari unashuka. Gauthier, umeniletea takataka."

"Patron, minye sikugusa kintu! Ni huyu muzee aliandika vile ju ya kutudanganya!"

Profesa alicheka.

"Makosa? Ule mushuko ndiyo kazi yangu yote! Ukivuta kidogo, inaenda. Ukivuta zaidi, inakimbia. Ukipitisha kipimo, inaanza kuchelewa. Ndiyo maana hairudi. Nani alibafundisha chimie, nyinyi bote babili?"

"Daftari bovu na mzee mwendawazimu," alisema Keller. "Simbebi."

Bastola ililia kidogo ilipokokiwa.

Hortense alipiga goti moja. Alitazama saa. King'ora kikaanza kulia ng'ambo ya shimo.

Kisha ardhi ikatikisika.

Mabati yalipiga makelele. Vumbi jeupe likamwagika kutoka darini. Keller na Gauthier walijitupa chini, mikono kichwani, kama kuku waliomwona mwewe. Profesa, mtoto wa mchimba chokaa wa hapohapo Kakontwe, hakupepesa jicho.

Hortense aliingia akitembea.

Alikanyaga kifundo cha mkono wa Keller, akaokota Glock yake.

"Bakia hapo chini. Panakufaa."

Gauthier alipeleka mkono mfukoni. Teke moja la taya lilimrudisha vumbini. Mikanda ya plastiki ikamaliza kazi.

Profesa alipangusa miwani. "Hortense? Weye mwanafunzi ule wa quatre sur vingt, alama ine tu?"

"Ni minye, Prof."

"Ulikuwa unasinzia darasani!"

"Nilikuwa nachunga mulango, bantu basikuibe."

"Mulango hauko ku examen."

Gauthier alitema damu. "Mama, nihurumie. Minye natafuta tu maisha."

"Ile daftari inafundisha bantu kufanya batterie bila cobalt," alisema Hortense. "Ulikuwa unauza kaburi ya kazi yako, na haukujua."

Gauthier alimgeukia Keller. Keller alitazama ukuta.

Jeep ya askari waliotumwa na Jean-Luc ilifika. Hortense alimkabidhi sajini Glock, akabonyeza redio.

"Mlima. Prof muzima, daftari liko. Babili bamefungwa."

"Walijua walichoiba?"

"Hata kidogo."

Sajini alitaka kuwabeba wafungwa. Profesa alimzuia kwa kiganja, akaokota kipande cha chokaa, akachora maduara mawili kwenye bati.

"Dakika kumi, sajini. Habawezi kwenda gerezani bila kujua ni kwa ajili ya nini. Weye wa viatu vya mamba! Elektroni ni nini?"

Sajini aliketi juu ya ndoo.

Hortense alikung'uta vumbi mabegani, akavaa kofia ngumu, akawasha TVS. Aliondoka taratibu, wala hakugeuka. Ndani ya banda, chokaa iliendelea kukwaruza bati.