Kiatu Kiliacho Nyuma

Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya mapaa, na vivuli vya minara vimelala vichochoroni, fundi viatu alipoapa kwamba hapana ngazi nyingine itakayopandwa siku hiyo. Familia yake ilikuwa imeuzunguka mji wa kale kwa miguu tangu asubuhi: ngome, kisima cha mawe, soko lenye milango iliyochongwa. Kilichobaki ni kurudi kwenye nyumba ya wageni walikofikia.

"Uliapa hivyo hivyo kabla ya ule mnara," mwanawe alimkumbusha. Alikuwa mtoto wa miaka minane, na kwa ubishi wake nyumbani walimwita Wakili.

Mbele yao alitimua mbio mdogo wake, Chiriku, binti wa miaka mitatu asiyejua kufunga mdomo. Kila alipokanyaga kwa mguu wa kulia, kiatu kililia.

Pii… pii… pii…

Fundi alivishona viatu vile kwa mkono wake mwenyewe, akaficha kifilimbi ndani ya soli ya kulia, ili binti yake akipotea machoni asipotee masikioni. Jozi nyingine yenye mlio ule haikuwako.

Mwanamke aliyekuwa akiwatembeza, ambaye wenzake walimwita Redio, alisimama mbele ya njia iliyofunikwa na tao refu la mawe. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akanyamaza.

"Mimi naishia hapa," akasema baadaye. "Nyoosheni tu, mtatokea kwenye taa. Ila humo ndani kila mtu atembee kwa miguu yake. Hata huyu mdogo. Msimbebe."

"Kwa nini?" Wakili akadakia.

Redio alilitazama giza la ndani, akashusha sauti. "Zamani watu waliukimbia mji huu usiku kwa njia hii, nyumba zikiwaka moto. Mama mmoja akanyakua mtoto gizani, akakimbia naye hadi ng'ambo. Kulipokucha, akaona si wake. Na wake…"

Aliwaaga, akaondoka kwa haraka isiyomfaa mtu aliyechoka.

"Dada huyu anajua kazi yake," fundi alimnong'oneza mkewe. "Wageni wakiogopa, kesho wanaleta wenzao."

"Kama ni porojo, mbona mwenyewe haingii?"

Wakaingia.

Ndani kulikuwa na ubaridi wa kisima na harufu ya chokaa mbichi. Mkewe alitangulia na Wakili; Chiriku akafuata nyuma ya babake. Katikati ya njia, kiatu kikaacha kulia.

"Miguu yangu imelala," Chiriku alilalamika kutoka gizani. "Baba, nibebe."

"Jikaze, mama. Ni hapo tu."

"Nibebe!"

Fundi aligeuka huku na huku. Nani angeona? Basi akafanya kama alivyozoea siku zote: akampa mgongo, akachuchumaa, akasema, "Panda."

Mikono midogo ikamshika shingo. Akainuka na mzigo wake mabegani, akasonga mbele.

Hatua chache tu, akapunguza mwendo.

Chiriku alikuwa na mazoea yake. Akibebwa, mkono mmoja hushika sikio la kushoto la babake, na kidole gumba cha mkono wa pili huenda mdomoni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu angali mchanga. Lakini sasa viganja viwili vilikuwa vimetulia juu ya paji la uso wa fundi.

Vilikuwa baridi. Vilikuwa vikavu kama udongo.

Na hakuna aliyekuwa akipiga soga.

"Chiriku… umelala?"

Akapapasa miguu iliyoning'inia kifuani pake. Ilikuwa mitupu, na nyayo zake ngumu kama ngozi isiyolainishwa.

"Viatu vyako viko wapi?"

Sauti ikamjibu karibu sana na sikio, laini, isiyo na haraka.

"Hukuwahi kunishonea."

Ndipo aliposikia, mbali nyuma yake, ndani kabisa ya giza…

Pii…

Pii…

Mkewe alikuwa amekwisha kufika mdomo wa njia, penye mwanga hafifu wa taa ya barabarani. "Mbona unajikokota hivyo, Baba Wakili?"

"Baba," Wakili akasema polepole, safari hii bila ubishi, "kiatu cha Chiriku kinalia huko nyuma. Na wewe umembeba."

Mama akainua macho juu ya mabega ya mumewe. Hakupiga kelele. Alimvuta Wakili, akamficha uso tumboni mwake. Alichokiona hakukisema jioni ile, na hajakisema hadi leo.

"Mrudishe," alinong'ona. "Usimtazame. Mrudishe ulipomtoa."

Fundi akageuka. Kila hatua mzigo ulizidi uzito.

"Nitakuwa kimya," sauti ikambembeleza. "Sitakuomba kitu. Mimi ni mtoto mzuri."

Chozi lilimtoka, naye hakujua analizwa na hofu au na huruma. Lakini kule mbele binti yake alikuwa peke yake gizani. Akapiga moyo konde. Alipofika pale pale, akachuchumaa.

"Shuka."

Hakuna kilichosogea.

"Shuka, mwanangu. Nakuomba."

Vidole vikaachia paji lake la uso. Kimoja… kimoja… kimoja… Mgongo ukawa mwepesi.

Pii, pii, pii! Kikamvaa kifuani kitu cha moto chenye kamasi na machozi.

"Umeniacha! Nimekuita, ukambeba mwingine!"

"Nisamehe, mama. Twende. Kwa miguu, shika mkono wangu."

Alimkokota kuelekea kwenye taa bila kugeuza shingo. Laiti angegeuka, angeona kwamba mkono wa pili wa Chiriku ulikuwa umenyooka nyuma yake, vidole vimekunjwa, kama mtu anayemwongoza mwenzake.

Barabarani mama alimkagua binti yake chini ya taa: macho, meno, kovu la goti, viatu vyote viwili. Akashusha pumzi. "Ni wetu."

"Ushahidi umekubalika," Wakili akasema kwa sauti iliyopasuka, na wote wakacheka kicheko cha watu walioponea chupuchupu.

Njia ya tao ilikuwa imebaki nyuma. Katazo lilikuwa la humo ndani tu. Fundi akachuchumaa mbele ya binti yake, akampa mgongo. "Haya, panda sasa."

Akainuka naye. Mkono mdogo wenye joto ukalishika sikio lake la kushoto. Juu ya kichwa chake akasikia kidole gumba kikinyonywa, taratibu, kama siku zote. Fundi akafumba macho kwa shukrani.

Ndipo kiganja cha tatu, baridi na kikavu, kilipotua juu ya paji la uso wake.

Nyuma yake, mkewe akaacha ghafla kutembea.

Chiriku akatoa kidole mdomoni. "Baba," akasema kwa sauti ya mtu anayemwombea rafiki, "kesho na yeye umshonee."