Barua ya Radhi ya Mzee Matar

Asubuhi nyumbani kwetu Stratford, London, huanza kwa chai ya tangawizi na taarifa ya habari. Baba mkwe wangu, Mzee Matar, hukaa mbele ya televisheni akiigombeza. Mume wangu, Mansour, hutafuta soksi. Mimi huzipata soksi.

Jumatatu moja, mwaka 2006, Mansour hakurudi kutoka kazini. Walikuja polisi. Walipekua makabati, wakachukua kompyuta, wakasema Mansour amekamatwa kwa kushukiwa ugaidi.

"Ugaidi?" Mzee Matar aliuliza. "Huyu anayeogopa panya?"

Mimi nilijua mambo yalipoanzia. Mama yangu yuko Wete, Pemba. Hakuamini kwamba huku kuna ngazi zinazopanda zenyewe. Kila nikimpigia simu huniambia, "Zahra, usinifanye mtoto." Basi nikamwomba Mansour amchukulie video ya ngazi hizo kwa simu yake. Mansour akifanya jambo halifanyi nusu. Alirekodi ngazi zote za kituo cha treni, za kupanda na za kushuka. Akarekodi milango, akarekodi na kamera za ukutani. Alikwenda siku tatu mfululizo, kwa sababu siku mbili za mwanzo hakupendezwa na mwanga. Na mwaka mmoja tu nyuma mabomu yalikuwa yamelipuka ndani ya treni za London.

Jumanne asubuhi televisheni ilionyesha wafungwa wa kule Cuba, wamevaa nguo za rangi ya chungwa.

"Umeona?" alisema Mzee Matar. "Mgeni akishikwa kwa ugaidi, mahakama yake ndiyo hiyo. Wanajeshi watupu."

"Tumtafutie wakili, Baba," nilisema.

"Wakili! Ukileta wakili, watasema una kosa unalificha. Mimi kule Unguja, mwaka wa sabini, nilisimamishwa mbele ya watu watatu. Wakili alikuwa haruhusiwi. Nikaomba radhi vizuri, nikaachiwa. Adabu ndiyo iliyonitoa, mwanangu."

Mzee Matar alikuwa karani wa serikali zamani, na barua zake za Kiingereza anazisifu mwenyewe. Alikaa mezani na kalamu mpaka adhuhuri. Alipomaliza alivaa koti aipeleke barua polisi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Damyanti, jirani yetu. Yeye kazaliwa Unguja, mtaa wa Kiponda, na hapa London ni karani katika ofisi ya mawakili. Alikuwa amewaona polisi jana yake. Mkononi alikuwa na sahani ya kachori.

"Damyanti, umekuja wakati mzuri," alisema Mzee Matar. "Hebu onja Kiingereza changu."

Bi Damyanti alisoma. Akaiweka sahani chini. Akasoma tena.

"Zahra, unajua humu mmeandikwa nini?"

"Sijui, dada."

Akanitafsiria: "Mheshimiwa Mkubwa wa Polisi. Tunapiga magoti kuomba radhi kwa yote aliyoyatenda kijana wetu Mansour, ya dhahiri na ya siri, aliyoyatenda jana na atakayoyatenda kesho."

"Adabu tupu," alisema Mzee Matar.

"Mzee wangu, huku ni kukiri! Tena umemkiria hata makosa ambayo hajayafanya bado!"

"Ah! Hiyo ni heshima ya barua. Sisi hata tukienda kuomba chumvi kwa jirani, tunaanza na radhi."

"Mimi nikikupa chumvi sikupeleki mahakamani. Barua hii itasomwa na mpelelezi. Ataiweka kwenye faili."

Mzee Matar alivua koti polepole. "Sasa wale wanajeshi tuwaambie nini?"

"Wanajeshi gani? Ile unayoiona kwenye televisheni ni mahakama ya kijeshi ya Marekani. Imewekwa kwa ajili ya wageni, na wanaokaa kuamua ni maofisa wa jeshi. Hapa Uingereza mshukiwa wa ugaidi hupelekwa mahakama ya raia, mgeni na mwenyeji vilevile. Akishtakiwa kwa kosa kubwa, wanaoamua kama ana hatia ni watu kumi na wawili wa kawaida."

"Wa kawaida vipi?"

"Kama muuza samaki. Kama mimi. Na wanaoshtaki ndio wanaotakiwa kuthibitisha. Mansour hatakiwi kuthibitisha kwamba si gaidi."

"Na huko polisi sasa hivi?" niliuliza.

"Ana haki ya wakili, bure. Ana haki ya mkalimani, bure pia. Ana haki ndugu yake mmoja aarifiwe alipo, na ubalozi wa nchi yake uarifiwe akitaka. Sikufichi, Zahra, kesi za namna hii zina ukali wake. Ofisa mkubwa anaweza kuchelewesha wakili kwa muda. Wanaweza kumshikilia siku nyingi kuliko mwizi. Lakini zikipita siku mbili lazima wamwombe jaji ruhusa. Hawezi kupotezwa tu."

Alichukua simu akampigia Bwana Hemal, wakili wa ofisini kwao. Mzee Matar alikula kachori nne.

Jioni Bwana Hemal alitupigia. Mansour alikuwa ameulizwa mara ya kwanza kama anataka wakili. Akajibu, "Hapana, asante, msisumbuke."

"Msisumbuke!" nilipiga kelele. "Amefikiri anakaribishwa chai?"

"Amelelewa vizuri," alisema Mzee Matar, kwa sauti ndogo.

Bahati nzuri, mtu akikataa wakili anaweza kubadili shauri wakati wowote. Tena wakili aliyetumwa na familia akifika, polisi lazima wamwambie mshukiwa kwamba yupo. Mansour alipoambiwa, alikubali. Kiingereza chake kinatosha kuuza viatu, hakitoshi kujieleza mbele ya mpelelezi. Akaletewa mkalimani. Akaeleza habari ya mkwewe na ngazi, mwanzo mpaka mwisho. Polisi waliangalia video zote. Bwana Hemal alisema mmoja alisinzia.

Jumatano alasiri Mansour alirudi. Hakushtakiwa kwa lolote. Nilimshika mashavu, nikalia, nikacheka, nikamuuliza soksi yake ya pili iko wapi.

Mzee Matar aliichana barua yake vipande vidogo. Tangu siku hiyo anawafundisha wenzake wa msikitini. "Ukishikwa, sema jina lako, omba wakili, omba mkalimani. Adabu weka moyoni."

Wiki mbili baadaye alikuja polisi kijana kurudisha kompyuta na simu. Mzee Matar ndiye aliyefungua mlango. Kijana yule alivua kofia, akasema, "Tunaomba radhi kwa usumbufu tuliowapa."

Mzee Matar alimpelekea mkono mdomoni, karibu amguse.

"Nyamaza, mwanangu," alimwambia. "Usiombe radhi kabla hujaonana na wakili."